Unesi: diploma kwanza au digrii moja kwa moja? Kwanini niliwajibu mabinti wawili tofauti

Mabinti wawili waliniuliza swali moja ndani ya wiki moja, nikawapa majibu mawili tofauti, alaf mama zao wakakutana soko la Majengo wakalinganisha, jioni yake napigiwa simu naulizwa kwanini mmoja nimemwambia aende diploma na mwingine nimemwambia aende fomu faivu asubirie digrii, kwani huyu ndo mwenye akili na yule hana? Hapana jamani. Naandika ili waone wote wawili hesabu nilivyoipiga, na mzazi mwingine yeyote huku kwetu mwenye mtoto anayetaka unesi aipige ya kwake.

Wa kwanza ni mtoto wa dada yangu, wako Bahi, baba yake analima mpunga na uwele, na nyuma yake kuna wadogo zake watatu wote wanasoma. Amepata Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D, Kiingereza D, hesabu F. Wa pili ni binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma mjini, baba yake mtumishi, mama ana duka, amepata Baiolojia B, Kemia B, Fizikia C, hesabu C, na PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia za fomu faivu) anaitegemea kabisa. Wote wanataka unesi wenyewe, sio kwamba wamekosa udaktari ndo wakaangukia huku, hilo ndo nililiuliza la kwanza kabla ya kitu chochote, maana mtu aliyeingia wodini kwa hasira wagonjwa wanaiona.

Mimi ni nesi, nilianza na diploma kwenye chuo cha hospitali ya misheni, nikajitolea, nikaajiriwa, ndo nikarudi kusoma digrii nikiwa tayari na watoto wawili. Kwahiyo diploma na digrii ntakazozilinganisha zote mbili nimezisoma.

Miaka

Tuanze na hii maana watu wengi hawaipigi kabisa hesabu yake. Chukua mtu aliyemaliza fomu foo Novemba 2024. Akienda diploma anaingia chuo mwaka 2025 mwezi wa tisa au wa kumi, mwaka wa kwanza ni NTA levo 4 (ndo ngazi za masomo ya vyuo vya kati), wa pili levo 5, wa tatu levo 6, mwaka 2028 amemaliza, anafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, anapata leseni. Akienda njia ya digrii anaingia fomu faivu Julai 2025, anamaliza fomu siksi Mei 2027, anapita JKT, chuo kikuu mwishoni mwa 2027, miaka minne hiyo mpaka 2031, alaf mwaka mzima wa intanshipu, yaani kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi, ndo anafika 2032. Tofauti ni miaka minne mizima.

Kwa binti wa jirani miaka minne ni kusubiri tu, anakula kwao, analala kwao, mdogo wake yupo mmoja tu na bado yuko darasa la nne. Kwa mtoto wa dada yangu miaka minne maana yake wadogo zake wawili watakuwa wameshafika sekondari, na mwaka mvua ikigoma, na mvua ya Dodoma mnaijua wenyewe, mtu wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule ambaye ada yake ni kubwa. Kwahiyo kabla ya kuuliza diploma au digrii kaeni na mzee muulizane nyumbani mnaweza kumsubiri huyu mtoto miaka mingapi bila kuingiza hata shilingi. Muulizane kwa ukweli, msione aibu.

Vigezo

Diploma ya Uuguzi na Ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Baiolojia, Kemia na Fizikia, hata D inapita. Hesabu na Kiingereza vinakuongezea nafasi lakini havikufungii mlango. Ndo maana F ya hesabu ya mtoto wa dada yangu haikunitisha. Ila niseme wazi, kuwa na vigezo na kuchaguliwa ni vitu viwili, vyuo vya serikali vinajaa na wenye C na B wanatangulia. Maombi ya kozi za afya yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, unajaza vyuo kadhaa kwa mpangilio, sasa usijaze vyote vya mjini vyenye majina makubwa alaf ukalia umekosa.

Digrii inaangalia fomu siksi. Kemia na Baiolojia ndo nguzo, la tatu linategemea chuo, wengine wanataka Fizikia, wengine wanakubali na mengine, soma mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wa mwaka wako sio wa kaka yako. Hapa Dodoma digrii ya uuguzi ipo UDOM na ipo St. John's. Na kuna mlango wa nyuma ambao ni halali kabisa, ukiwa na diploma yenye GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B unaomba digrii kwa sifa linganifu, ila soma mwongozo wa TCU vizuri maana wanaangalia na alama za fomu foo, mpaka hesabu na Kiingereza. Hii 3.0 mtoto wa dada yangu nimemwandikia kwenye karatasi abandike ukutani, kwasababu wengi wanasoma diploma kwa kutafuta kupita tu, wanatoka na GPA ya 2.6, miaka mitano baadae anataka kuapgredi anakuta mlango umefungwa na yeye ndo alioufunga akiwa na miaka kumi na tisa.

Hela

Hapa watu wanaangalia ada tu. Ada ni nusu ya story. Unesi una vitu vyake, yunifomu sio moja, viatu vya wodini vya kufunika vidole, saa ya kifuani yenye mshale wa sekunde, mashine ya presha na stetoskopu vyuo vingine wanakutaka uje navyo, gloves muda mwingine unajinunulia, logbuku ya kuandika kazi ulizofanya wodini, bima, na nauli pamoja na chumba pale unapopangiwa mazoezi hospitali ya mbali na chuo. Hii ya mwisho ndo inaua wazazi wa vijijini maana haimo kwenye fomu ya kujiunga, inakuja katikati ya mwaka, mtoto anapiga simu anasema baba nimepangiwa wilaya nyingine wiki sita natakiwa nikapange chumba.

Mkopo ndo unabadilisha picha. Mwanafunzi wa digrii anaomba Bodi ya Mikopo, akipata anapata na hela ya kujikimu, ile wanayoita bumu. Kwa diploma mikopo ilianza kutolewa mwaka 2023/24 lakini kwa fani walizozitaja kwenye mwongozo, sio kila kozi, kwahiyo usidhani kwasababu ni afya basi unesi umo, fungua mwongozo wa mwaka huo utafute jina la kozi yako limeandikwa. Nilimwambia dada yangu apige bajeti kama vile mkopo haupo. Ukija ni heri.

Ila na mkopo wa digrii nao unalipwa. Ukishaajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na ni miaka. Huyo wa digrii anakuzidi mshahara kwenye karatasi lakini siku ya tarehe ya mshahara makato yakishapita tofauti inapungua kuliko watu wanavyodhani. Sijasema msikope, nasema mhesabu.

Kitu kingine ambacho watu wa huku wanakisahau ni udhamini wa hospitali za misheni. Kuna hospitali za kanisa zinasomesha mtu kwa makubaliano kwamba ukimaliza urudi uwafanyie kazi miaka kadhaa. Kama paroko au mchungaji wenu anakujua, nenda ukaulize. Soma mkataba wote kabla ya kusaini, uliza hasa ukitaka kuondoka kabla ya muda unalipa nini.

Wodi

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine zote, maana hapa ndo nesi anapotengenezwa.

Wazazi wananiuliza chuo kipi kizuri, cha serikali au binafsi. Jibu langu ni swali. Wanafunzi wa chuo hicho wanafanyia mazoezi hospitali gani, na wanakuwa wangapi kwenye wodi moja? Mitihani ya mwisho ya diploma ni ya pamoja, wa binafsi na wa serikali wanakaa kwenye karatasi moja, kwahiyo darasani tofauti inaweza kuzibwa kwa kusoma. Wodini haizibiki. Nilishawahi kukaa labor, chumba cha kujifungulia, na wanafunzi wa vyuo vitatu kwa wakati mmoja, mama mmoja anajifungua na watoto kumi na nane wamemzunguka kitanda, anayeshika ni mmoja, wengine wanachungulia kwenye bega la mwenzao alaf wanaenda kujaza logbuku kwamba wamezalisha. Mtoto wa namna hiyo akimaliza akapelekwa zahanati yuko peke yake usiku, mama anatokwa na damu baada ya kujifungua, hajawahi kukanda tumbo la uzazi kwa mkono wake mwenyewe, hapo logbuku haisaidii chochote.

Mimi nilisoma kwenye hospitali ya misheni yenye wodi chache na wafanyakazi wachache, kwahiyo mwanafunzi ni mkono wa kazi kweli. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha wagonjwa, natandika vitanda, napima presha na joto na mapigo mpaka namba zinaniota. Mwaka wa tatu nilikuwa nimezalisha kina mama wengi kuliko wenzangu wawili waliosoma mjini ukiwaunganisha. Wagogo wazee wanakuja hawajui Kiswahili vizuri, unajifunza kusema mbukwa, unajifunza kuuliza kinauma wapi, na bibi akishasikia unamsalimia kwa lugha yake anakueleza mambo ambayo daktari hakuambiwa.

Faida ya mjini ipo na ni kubwa, nisiwadanganye. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, na wameshaingia kwenye kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kuna ICU, kuna kusafisha damu, vitu ambavyo hospitali ya wilaya hauvioni kabisa. Mirembe pale kwa afya ya akili ni hospitali ya taifa, na wanafunzi wa unesi wanatoka mikoa mingine kuja kujifunza, sisi tunaipita na daladala kila siku hatuoni ni bahati gani tunayo. Na hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoita Jenero, utaona kila aina ya mgonjwa kwa wiki moja. Mwanafunzi wa digrii wa UDOM au St. John's anapita kwenye haya mazingira na anajifunza kwanini, anasoma fiziolojia kwa kina, anasoma takwimu, anafanya utafiti wake mwisho wa kozi, na intanshipu ya mwaka mzima inampa muda wa kukomaa akiwa na mtu wa kumuangalia. Wa diploma hana huo mwaka. Anatoka chuo leo, kesho ni mtumishi. Hii ni point kubwa ya digrii ambayo wengi hawaitaji wanaongelea mshahara tu.

Kwahiyo kwa diploma chuo chenye hospitali yake au kilichoshikamana na hospitali yenye wagonjwa wengi na wanafunzi wachache, hata kama kiko porini, kinashinda chuo chenye jengo la vioo mjini ambacho wanafunzi wake wanagombania wodi na vyuo vingine. Huku kanda ya kati tunazo hospitali za misheni zenye mafunzo, Mvumi ipo karibu tu na mji, Itigi upande wa Singida ipo. Na vya serikali vya zamani vilivyoko karibu na hospitali za wilaya msividharau kwasababu rangi ya ukuta imechakaa.

Darasani

Sitakaa sana hapa. Wote wanasoma kwa Kiingereza, na kwa mtoto aliyetoka shule ya kata muhula wa kwanza wa anatomia ndo mlima, majina ya mifupa na misuli yote kwa lugha ambayo hajaizoea, na sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, zinatokea hapo. Mtoto wa dada yangu ana D ya Kiingereza kwahiyo nimempa kazi ya miezi hii kabla ya chuo, asome kitabu cha baiolojia cha fomu foo upya, kwa sauti, ukurasa mbili kila siku. Digrii mwaka wa kwanza ina biokemia na masomo mengine ya sayansi mazito, mwenye C ya kuungaunga ya kemia atasumbuka, binti wa jirani mwenye B atayamudu.

Ajira na cheo

Ukiwa na diploma serikalini unaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, ukiwa na digrii unaitwa Afisa Muuguzi, wote mnaanza daraja la pili, na ngazi za mishahara ya afya, TGHS, zinapanda kwa herufi kwahiyo wa digrii anaanzia juu yako. Hilo halina ubishi. Matangazo yanatoka kwa njia ya Sekretarieti ya Ajira, na miaka ya nyuma ya halmashauri yalikuwa yanatoka TAMISEMI. Ushauri wangu ni huu, tafuta matangazo ya ajira za afya ya miaka iliyopita, yanaandika kada na idadi ya nafasi, hesabu mwenyewe nafasi za diploma na za digrii, hiyo inakwambia ukweli kuliko mjomba. Zahanati na vituo vya afya ni vingi kuliko hospitali za rufaa, na huko kwenye zahanati mtu anayetafutwa zaidi ni wa astashahada na diploma.

Lakini ajira ya moja kwa moja haipo kwa yeyote kati yao. Wote mtajitolea. Mimi nilijitolea miezi kumi na minne, kuna mwezi nililipwa nauli na kuna mwezi sikulipwa, na kuna inchaji, mkuu wa wodi, alikuwa ananipanga usiku wiki tatu mfululizo kwasababu wa kujitolea hana wa kumsemea. Niliumia sana kipindi kile. Ila jina langu lilipotoka kwenye ajira nilikuwa najua kazi. Mzazi anayepiga bajeti aweke mwaka mmoja au miwili ya kujitolea juu ya ile miaka ya chuo, kwa diploma na kwa digrii, tofauti ni kwamba wa diploma anaingia kwenye huo msoto akiwa na miaka ishirini na moja na wa digrii ana ishirini na tano.

Sasa kuapgredi, maana kila mtu anasema tu anza diploma utaapgredi, kama vile ni kupanda ngazi ya nyumba. Kwanza uthibitishwe kazini, uombe ruhusa ya masomo, mwajiri akubali, na halmashauri yenye manesi watatu kwenye kituo haifurahii kumuachia mmoja. Ukipata ruhusa uzuri wake ni kwamba mshahara wako unaendelea ukiwa shule, hapo ndo faida yote ilipo, nilikuwa nasoma na wanangu wanakula. Alaf ukimaliza unarudi na cheti chako unaomba kubadilishiwa kada, na hapo unaweza kukaa, mimi nilikaa zaidi ya mwaka nafanya kazi ya Afisa Muuguzi kwa mshahara wa Msaidizi, barua inaenda inarudi. Na ukishabadilishiwa unaanzia daraja la mwanzo la kada mpya, wakati mwenzako aliyeenda digrii moja kwa moja ameshapanda. Mtu anayekwambia diploma alafu digrii mnafika sawa hajaipita hiyo njia. Unafika, ila umechelewa, tofauti ni kwamba njiani ulikuwa unalipwa.

Na kama mtoto anataka kufundisha chuoni, au kuwa kiongozi wa wauguzi wa hospitali kubwa, au masters, au kwenda nje, digrii ndo itakayombeba. Wa kwenda nje aanze na Kiingereza mapema maana kuna mitihani kama OET ya Kiingereza na NCLEX ya leseni ya unesi ya Marekani ambayo haimuonei mtu huruma.

Kazi ya kwanza, kijijini au mjini

Hili wameniuliza wote wawili japo bado liko mbali. Kijijini utafanya kila kitu, kliniki ya mama na mtoto asubuhi, chanjo, kushona kidonda, kuzalisha usiku, kuandika ripoti, kugombana na jokofu la chanjo gesi ikiisha. Nyumba mara nyingi unapewa, matumizi ni madogo, mboga unaletewa, na watu watakuita daktari hata ukikataa. Ubaya wake ni upweke na rufaa, mgonjwa anakuharibikia mkononi na gari la wagonjwa liko kilomita sitini na barabara ni tope. Mjini unakaa wodi moja, unabobea, kuna mtu wa kumuuliza saa nane usiku, lakini kodi ya chumba Makulu au Area C inakula mshahara, na nesi mpya anaweza kumaliza mwaka hajaachiwa kufanya uamuzi hata mmoja. Mimi mtu wa diploma ningempeleka kwanza hospitali ya misheni au ya wilaya, miaka miwili, sio zahanati ya peke yake siku ya kwanza. Wa digrii aliyemaliza intanshipu anaweza kuanzia popote.

Vitu vya kukwepa vyote viwili

Kuna madalali wanazunguka kipindi cha matokeo, wanauza fomu za vyuo na kuahidi unesi wa mwaka mmoja. Unesi wa mwaka mmoja haupo. Kozi ya mwaka mmoja ni ya uhudumu wa afya, ni kazi ya heshima na inahitajika sana lakini Baraza halitakusajili kama muuguzi. Chuo chochote kitafute kwenye tovuti ya NACTVET, namba ya usajili ionekane, na sio chuo tu, hata kozi yenyewe ya Uuguzi na Ukunga iwe imeithinishwa, maana kuna chuo kinasajiliwa kwa famasia alaf kinapokea wa unesi wakisubiria kibali. Binti mmoja wa Kongwa alikaa hivo mwaka mzima, ada imelipwa na mbuzi wameuzwa.

Na mtu akiniuliza unesi au utabibu, yaani kozi ya Clinical, namuuliza kama anapenda kukaa na mgonjwa au kumtafutia ugonjwa. Tabibu anapita anaandika anaondoka, nesi anabaki mpaka asubuhi. Mtu ajiangalie yuko upande gani.

Majibu yenyewe

Binti wa jirani nilimwambia fomu faivu kwasababu ana alama za kuimudu PCB, nyumbani wanaweza kusubiri, na anapenda kusoma mpaka unamuonea huruma, huyo ukimuweka zahanati na diploma akiwa na miaka ishirini na moja atatamani shule kila siku. Kama fomu siksi ikimwendea vibaya diploma bado ipo, Kemia, Baiolojia na Fizikia zake za fomu foo hazifutiki. Nilichomwambia cha ziada ni kwamba likizo zote aje wodini kuangalia, hata kubeba maji, asije akafika mwaka wa pili chuo kikuu ndo anagundua hawezi kuvumilia harufu ya kidonda.

Mtoto wa dada yangu nilimwambia diploma kwasababu nyumbani wanamhitaji mapema, alama zake zinatosha diploma na kwa PCB angeenda kuteseka miaka miwili kwa hatari ya kutoka na E tatu, na yeye mikono yake ni ya kazi, bibi yake alivyougua mwaka juzi yeye ndo alikuwa anamgeuza kitandani kila baada ya masaa mawili bila kuambiwa na mtu, bibi amelala miezi mitano hana kidonda hata kimoja cha mgongo. Nesi wa namna hiyo hana haja ya kusubiri 2032. GPA 3.0 ukutani, digrii atairudia akiwa na mshahara, ila aangalie mwongozo unasemaje kuhusu ile F ya hesabu.

Dada yangu bado hajaridhika, anaona mtoto wake nimempunguzia. Tumekubaliana Alhamisi atakuja na binti, tunapanda gari la Mvumi wote watatu, nataka waingie wodini wakati wa kutembelea wagonjwa, wahesabu wanafunzi waliozunguka kila kitanda, alaf waende wakawatafute wale wa mwaka wa tatu nje ya bweni wawaulize kila mmoja amezalisha wangapi kwa mkono wake.